Kulwa, Doto na Saa ya Chini ya Mgodi

Juzi binti mmoja anayesomea ukutubi alinijia hapa Shinyanga na daftari jipya, akaniuliza: "Babu, ulijuaje ni makala gani ya fizikia mtu wa kawaida anaweza kuisoma akaielewa?" Nikamjibu kwamba nilijua kwa kukosea, na kwamba kosa langu kubwa kuliko yote lilikaribia kuwafanya mapacha wawili wapigane kwa sululu. Akafunga daftari. Alidhani namtania. Basi nawaandikia nyinyi vijana wote mnaopenda kazi hii, ili asiwepo tena wa kufunga daftari kabla sijamaliza kusema.

Nilikuwa karani wa chumba cha kusomea katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Wachimbaji waliniita Bwana Makaratasi. Jina langu la ubatizo walilijua watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa mke wangu, ambaye naye akikasirika aliniita Bwana Makaratasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mainjinia wa mgodi waliletewa majarida kwa posta kutoka Ulaya. Wakishayachoka waliyatupa kwenye gunia, na kila mwezi gunia hilo lililetwa kwangu nichambue. Mengi yalikuwa ya pampu, saruji na injini. Lakini katikati yake, kama chembe ya dhahabu ndani ya jiwe, mlikuwa na makala za watu wasiogusa mashine yoyote. Walikaa wakafikiri, wakakokotoa, wakaandika: mwanga ni nini, nyota zinawakaje, wakati unakwendaje. Wachimbaji walizipenda hizo kuliko zote. "Habari za pampu tunashinda nazo kutwa," waliniambia. "Tusomee za nyota."

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, zamu ikishatoka, niliwasomea. Makala zilikuwa za Kiingereza, mimi nikawa natafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Kiswahili kiliponikwama niliingia Kisukuma, na Kisukuma kiliponikwama nilikohoa.

Mwanzoni nilichagua kwa kutazama urefu. Nilidhani makala fupi ndiyo rahisi. Nikapata moja ya kurasa nne, ina kichwa cha maneno mepesi kabisa kuhusu mwanga, nikajiona nimeokota mali. Robo saa haikuisha, benchi la nyuma lote limelala. Mzee mmoja wa Buseresere akanyoosha mkono kwa heshima zote: "Samahani, Bwana Makaratasi. Hiyo ni habari au ni dawa?"

Nilikwenda kulia kwa Bwana Phiri. Huyu alikuwa Mnyasa, mchora ramani katika ofisi ya wapimaji, mtu wa kuvaa tai hata siku ya kufua. Alichora kila njia iliyopita chini ya miguu yetu, na hesabu alizijua kama wengine tunavyojua njia ya kwenda kwa shemeji. Akaipokea ile makala, akaipindua, akanirudishia.

"Fupi namna hii imeandikiwa wenye kujua," alisema. "Wenye kujua hawaelezani. Wewe tafuta mtu anayekumbuka siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajui."

"Nitamtambuaje kwenye karatasi?"

"Fungua katikati. Angalia kama kuna mtu humo ndani. Mtu yuko kwenye treni, mtu anatupa jiwe, mtu ameshika taa. Makala isiyo na mtu hata mmoja, mwachie mwenyewe. Halafu zitazame hizi herufi za Kigiriki." Akazigusa kwa ncha ya penseli, zile herufi ambazo mimi niliziona kama sisimizi walioanguka kwenye wino. "Herufi si mbaya. Mbaya ni herufi inayoingia bila kubisha hodi. Mwandishi mwema huitambulisha kila moja kama mgeni: huyu ni fulani, amekuja kwa kazi fulani. Ukiona tatu zimeingia na kukaa bila mtu kuzikaribisha, funga."

Akanifundisha pia kufuata orodha iliyo mwisho wa makala, ile inayotaja makala nyingine mwandishi alizosoma. Mkubwa aliyegundua jambo mara nyingi huliandika kwa namna inayoumiza kichwa. Miaka kumi baadaye anatokea mwalimu mmoja, ameshaulizwa maswali na wanafunzi mpaka amekoma, naye huliandika likaeleweka. Orodha za mwisho ndizo zinazokupeleka kwa huyo mwalimu, kama nyayo za ng'ombe zinavyokupeleka kwenye maji.

Kipimo cha mwisho nilikizua mwenyewe, na najivunia. Mama Kashindye aliuza maandazi na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa juani, nje ya chumba changu. Hakujua kusoma, lakini alikuwa hadanganyiki. Nilikuwa namsomea makala huku anakaanga. Akisema "Enhee, halafu?" niliiweka kwa Jumamosi. Akisema "Lete hiyo nifungie maandazi," nilimpa afungie. Siku nilipomsomea kwamba mwanga wa jua hutumia kama dakika nane kufika hapa, aliuacha mwiko ndani ya mafuta.

"Kwa hiyo jua hili ninaloanikia michembe ni la zamani?"

"La dakika nane, mama."

"Na likizimika sasa hivi?"

"Hatutajua mpaka dakika nane zipite."

Akafikiri. "Basi michembe hii nianue mapema."

Sasa kosa lenyewe. Mwezi mmoja gunia lilileta makala nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Ilieleza kwamba wakati haukimbii sawasawa kila mahali: saa iliyo chini, karibu zaidi na kitovu cha dunia, hutembea polepole kuliko saa iliyo juu. Hakuna ubovu wa saa hapo. Wakati wenyewe ndio unaokwenda hivyo. Ndani yake mlikuwa na mtu juu ya mnara na mtu chini ya mnara, na kila herufi ilipiga hodi. Lakini kurasa mbili za mwisho zilikuwa hesabu tupu. Nikajisemea, watu wangu hawana haja na hesabu, watalala tena. Nikazikata vizuri kwa wembe, nikampa Mama Kashindye.

Jumamosi hiyo chumba kilijaa mpaka madirishani. Nilisoma kama mhubiri. Wake za wachimbaji waliokuwa nje walicheka, mmoja akasema mume wake ahamishiwe shimoni leo hii maana anazeeka vibaya. Nikafunga karatasi huku nimevimba kichwa. Ndipo Doto akasimama.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha kutoka kijiji cha jirani na Tinde. Nyinyi mnajua, kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa na anayefuata ni Doto, hakuna mjadala. Kulwa alikuwa mchimbaji wa chini kabisa, futi elfu moja, mtu mkimya mwenye mabega kama mlango. Doto aliendesha winchi huku juu, ile mashine ya kuteremshia na kupandishia watu, na alikuwa na maneno ya watu wawili, yake na ya ndugu yake.

"Bwana Makaratasi," alisema Doto, "nielewe vizuri. Saa ya chini inachelewa?"

"Inachelewa."

"Na mwili wa mtu aliye chini nao unachelewa? Kuzeeka na kila kitu?"

"Kila kitu."

"Kulwa yuko chini mwaka wa sita huu. Mimi niko juu." Akageuka, akawatazama watu wote. "Basi nimeshampita. Mkubwa ni mimi."

Watu waliangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Kulwa hakucheka. Aliinuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.

Nilikuwa sijui kilichokuwa kinaendelea nyumbani kwao. Baba yao, Mzee Ngassa, mwaka ule alikuwa na ng'ombe wa kutosha mahari ya mtoto mmoja, na kwa desturi anayeanza kuoa ni mkubwa. Doto alikuwa na mchumba, Kabula, na wazazi wa Kabula walikwisha kusema kwamba mavuno yakipita bila ng'ombe kufika, watampa mwanamume mwingine. Kulwa hakuwa na mchumba. Alikuwa akiona aibu hata kununua maandazi kama Mama Kashindye ana wateja wanawake. Lakini zamu ilikuwa yake, na hakuna aliyethubutu kumwomba aiache. Sasa Doto ameokota ngazi kwenye karatasi yangu.

Jumatatu hawakusemeshana. Jumanne Kulwa alikataa kuingia kwenye keji, lile sanduku la chuma la kuteremshia watu, maadamu Doto ndiye aliyeshika winchi. Jumatano wakakutana penye bomba la maji, mmoja akasema "mdogo wangu, nipishe," na watu sita wakalazimika kuwanyang'anya sululu. Alhamisi msimamizi wa kambi aliniita. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Chumba chako ni kizuri," alisema. "Kikavu. Kinafaa kuwekea saruji. Watu hawa wakiumizana, Jumatatu naweka saruji."

Siku hiyo hiyo ujumbe ukafika kutoka Tinde. Doto alikuwa amemtumia baba yake habari, na mzee anawataka wanawe wote wawili, pamoja na huyo mwenye karatasi.

Nilikimbia kwa Phiri. Akanisikiliza, akauliza swali moja tu: "Inachelewa kwa kiasi gani?"

"Inachelewa," nikasema.

"Nimesikia. Kiasi gani? Siku? Dakika? Mtu akikwambia mto umejaa, huulizi kama umefika magotini au shingoni?"

Kiasi gani kilikuwa kwenye zile kurasa mbili. Nilikwenda kwa Mama Kashindye mbio. Akanitazama kwa huruma.

"Baba, karatasi za wiki iliyopita? Zimekwisha kuliwa maandazi yake, na zenyewe zimewasha moto."

"Zote?"

"Zilikuwa nzuri," alinifariji. "Hazikuvuja mafuta."

Na orodha ya makala nyingine nayo ilikuwa kwenye kurasa hizo hizo. Nilikuwa nimekata nyayo za ng'ombe kwa wembe wangu mwenyewe. Nikapekua magunia ya zamani, hamna kitu. Phiri akasema kuna misheni moja karibu na mji wa Shinyanga, mapadri wana makasha ya majarida ya zamani, na kwamba yeye atakuja. "Hesabu zako," alisema, "zinaishia kwenye idadi ya watoto wako."

Ijumaa alfajiri tulipanda lori la pamba, wanne: mimi, Phiri na mapacha. Kulwa alikaa mbele kabisa juu ya marobota, Doto nyuma kabisa, na sisi katikati kama mpaka wa wilaya. Tukawashusha Tinde mchana, tukaomba mzee atungoje hadi kesho asubuhi, tukaendelea hadi misheni.

Makasha yalikuwa saba. Mawili mchwa walikuwa wamekwisha kuyasoma mpaka mwisho. Yaliyobaki tulianza kuyapekua, na hapo, wajukuu zangu, ndipo nilipoijua kazi yangu kwa mara ya kwanza, maana sasa nilikuwa natafuta kwa woga. Makala ya kwanza niliyoipata kuhusu saa ilikuwa na herufi tano zilizoingia bila hodi kwenye ukurasa wa mwanzo, nikaifunga. Ya pili ilikuwa tamu, ina mtu, ina mnara, ina maajabu, nikataka kupiga kelele. Phiri akaisoma, akatikisa kichwa. "Hii inashangaza tu. Haisemi kiasi." Ilikuwa ndugu wa ile niliyoikatakata, na mwandishi wake hakuhitaji hata wembe, alikuwa hakuandika hesabu tangu mwanzo.

Ya tatu niliifikia jua likiwa linaelekea kushuka. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa shule, akiwaandikia vijana wa sekondari. Mwanzoni kabisa alikiri kwamba yeye mwenyewe jambo hili lilimsumbua miaka mitatu. Herufi zake zilikuwa nne, kila moja imetambulishwa jina na kazi. Na katikati alichukua mnara wenye urefu unaojulikana, akakokotoa hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

Phiri alikaa juu ya kasha, akachukua penseli. Palipokuwa na urefu wa mnara akaweka kina cha shimo letu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akaanza kucheka. Nilikuwa nimemfahamu miaka minne, sikuwahi kuona meno yake ya nyuma.

Asubuhi tulimkuta Mzee Ngassa uani, kwenye kigoda, na mkewe Mama Kulwa ameketi mkekani. Mapacha walisimama huku na huku. Baada ya salamu na kikombe cha maziwa, mzee akasema, "Haya. Karatasi inasemaje?"

Nikasimama. Niliona ni heri niseme yangu kwanza.

"Baba, karatasi niliyowasomea ilikuwa na kurasa mbili za mwisho. Nilizikata. Nilidhani watu hawatazielewa. Ndizo zilizokuwa zinasema ni kiasi gani."

"Ulizikata?" Doto alinijia hatua moja. "Mimi nimegombana na ndugu yangu kwa karatasi isiyo na mkia?"

"Ndiyo."

"Tulia," mzee alimwambia Doto. Kisha akamgeukia Phiri. "Wewe wa tai. Kiasi gani?"

Phiri alimwuliza Mama Kulwa kwanza. "Mama, siku hiyo Kulwa alimtangulia Doto kwa muda gani?"

"Kulwa alitoka ng'ombe wakifunguliwa zizini," alisema mama bila hata kufikiri. "Doto alitoka walipofika mtoni. Mwendo wa kama saa moja. Huyu Doto tangu zamani anapenda kungojewa."

"Vizuri. Ni kweli saa ya chini inachelewa. Kwa miaka hii sita, Kulwa amechelewa. Chukua muda wa kupepesa jicho, ukate vipande elfu, kisha kila kipande ukikate tena elfu. Alichochelewa ni vipande vichache tu vya hivyo vidogo." Akaangalia karatasi yake. "Ili Doto amfikie kwa saa moja ile, Kulwa itabidi akae chini ya shimo, bila kupanda hata kula, zaidi ya miaka milioni elfu tatu."

Mzee Ngassa akakuna ndevu.

"Na ng'ombe wangu," aliuliza, "watakuwa bado wapo?"

Mama Kulwa ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika khanga. Doto hakuweza. Nilimwona uso ukimwanguka, na nikajua hawazi ukubwa, anamwaza Kabula. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Kulwa ndiye aliyezungumza. Sijui kama nilikuwa nimemsikia akisema maneno kumi mfululizo kabla ya siku ile.

"Sikukasirika kwa sababu ya ng'ombe," alisema. "Doto ana maneno, ana rafiki, ana mchumba. Mimi nina hiyo saa moja tu. Kila mtu alipocheka pale chumbani, niliona hata hiyo mmeichukua." Akamgeukia baba yake. "Sasa imerudi. Baba, mkubwa ni mimi?"

"Ni wewe," alisema mzee.

"Basi nasema kama mkubwa. Ng'ombe waende kwa kina Kabula. Mdogo wangu aoe kwanza. Mimi sijapata hata wa kumsalimia."

Mzee Ngassa alimtazama mwanawe kama mtu anayeona ndama aliyemdharau amekuwa fahali. Akatikisa kichwa mara moja kukubali. Mama Kulwa akapiga kigelegele, majirani wakaanza kuchungulia uani wakidhani kumezaliwa mtu.

Chumba changu hakikuwekwa saruji. Jumamosi iliyofuata niliwasomea wachimbaji makala ya yule mwalimu, pamoja na hesabu zake zote, Phiri akiandika ubaoni kwa chaki. Hakulala mtu. Walitaka kukokotoa kila kitu: aliye juu ya mlima, aliye kwenye ndege, mama mkwe aliye Runzewe. Tangu siku hiyo sikukata ukurasa tena, na nikaongeza kipimo kimoja ambacho nawaachia nyinyi: makala inayokwambia jambo la ajabu bila kukwambia ni kubwa kiasi gani, usimpe mtu mpaka umeipatia mwenzake. Watu wa kawaida hawaogopi hesabu. Wanachoogopa ni kudharauliwa.

Lakini narudi kidogo pale uani Tinde, kwa sababu kuna kitu nilikiona ambacho hakikuandikwa kwenye makala yoyote. Doto aliinuka kutoka vumbini, akajipangusa magoti, akaenda mpaka alipo ndugu yake. Walizaliwa asubuhi moja, wakanyonya pamoja, maisha yao yote walikuwa wakiitana kwa majina tu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Kulwa alimtazama, mabega yale yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia.

"Marahaba," akasema. "Sasa shikamoo hii usiizoee, utanizeesha."